Wino Uliotiwa Maji

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua. Katriji mpya ya wino hainunuliwi katika nyumba hii. Nimekuwa mtunza stoo miaka thelathini na mbili hadi kustaafu, nimepokea na kutoa kila kitu kuanzia misumari hadi mabafu, na sijawahi kuona kitu kitupu kisichojazika.

Hali ilivyo. Mke wangu ameandika habari za marehemu mama yao. Kurasa ishirini na mbili. Ameziandika kwenye kompyuta kwa kidole kimoja, miezi minne, kila akirudi kutoka kwenye chumba chake cha cherehani. Ni za dada yake, ambaye nyumbani sote tunamwita Dada Mkubwa. Mama yao alipougua, Dada Mkubwa alikuwa kazini mbali, na alifika siku mbili baada ya mazishi. Kwa hiyo mengi hakuyaona. Na sasa macho. La kushoto limeshakwenda. La kulia lina mtoto wa jicho, pamoja na mambo mengine ambayo daktari huyataja kwa sauti ya chini. Jumatatu ijayo linapasuliwa, na daktari hakuahidi kitu.

Dada Mkubwa akasema sawa, lakini kabla ya hapo anataka kusoma habari za mama yake kwa jicho lake mwenyewe. Hataki kusomewa. Amesomewa barua na maagizo ya dawa mwaka mzima, amechoka.

Basi kinachotakiwa ni herufi kubwa, nyeusi tii, mkononi mwa Dada Mkubwa Jumapili mchana. Mke wangu amenipa pesa ya katriji na kunikabidhi kazi. Akanionya nisiipeleke kwa shemeji. Shemeji ni mdogo wao wa kiume, ana duka la fotokopi barabara ya pili, na husoma kila karatasi inayopita mikononi mwake, kisha hutoa maoni. Kuna mteja alimpelekea barua ya kuacha kazi, akaambiwa aya ya pili haina adabu. Mke wangu hataki maoni. Anataka Dada Mkubwa awe wa kwanza kusoma.

Mimi nami sina haja na duka lile. Shemeji alinicheka mbele za watu kwa sababu ya sabuni. (Sabuni niliyotengeneza mwenyewe. Ilikuwa na nguvu kidogo. Rangi ya ukuta wa bafu haikuwa imara tangu mwanzo.)

Nimenunua chupa ya wino mweusi na bomba la sindano. Chenji imeingia kwenye kopo nililoliandika TAA YA CHEREHANI. Mke wangu anashona pindo jeusi kwa mwanga wa dirisha tu, na macho yale ni ya familia moja. Hajui kama kopo lipo. Wanaosema mimi mkono wa birika hawajui birika linamimina wapi.

Jumanne, 4 Juni

Mke wangu katoka saa mbili. Saa mbili na dakika tano nimetandaza magazeti mezani.

Wino ni mzito kuliko nilivyotarajia. Uzito wa nini? Hakuna anayehitaji weusi wote ule. Kiwandani wanaweka mwingi ili uishe haraka, mchezo huo naujua. Nimeamua kuuongeza maji. Nusu kwa nusu. Chupa moja inakuwa mbili bila kutoka nyumbani.

Nilihitaji chombo kidogo cha kuchanganyia. Kabatini mkono ukaangukia kikombe cheupe chenye pengo mdomoni. Nikakirudisha. Kile hapana. Nimetumia kifuniko cha chupa ya chai.

Katriji ina tundu dogo chini ya karatasi yake ya juu. Unachoma sindano, unasukuma polepole. Nilisukuma polepole. Katriji ikapiga chafya. Sina neno lingine. Wino umeingia sikio la kushoto, kola ya shati, na ua moja la pazia ambalo sasa linapendeza zaidi kuliko mengine.

Ukurasa wa kwanza ukatoka mweusi safi. Ushindi! Nikaamuru kurasa zote, nikajinyoosha kwenye kiti nikisikiliza printa ikifanya kazi. Sauti ile inabembeleza. Nikasinzia kidogo.

Kuamka, kurasa ziko tayari. Wa kwanza mweusi. Wa pili kijivu. Wa tano rangi ya majivu. Wa kumi na mbili unausoma ukiwa umeusimamisha dirishani na unajua mapema umeandikwa nini. Ule weusi wa mwanzo ulikuwa wino wa zamani uliobaki ndani. Yaani nimemchapia mtu mwenye jicho moja bovu kitabu cha ukungu.

Mke wangu karudi, kauliza kazi inakwendaje. Nikasema inakwenda. Kauliza sikio. Nikasema ni rangi ya viatu. Alikuwa amechoka mno kuuliza viatu vipi. Ameweka miguu kwenye beseni la maji ya moto, kafumba macho, akasema ahsante kwa kumsaidia, kwamba peke yake asingeweza.

Nikaenda kumchemshia maji mengine.

Jumatano, 5 Juni

Marekebisho. Ikiwa maji yamezidi, maji yatolewe. Nimeianika katriji dirishani juani saa mbili nzima. Kisha nikaongeza wino mtupu, bila maji, hadi ukafurika. Nikaifuta, nikairudisha, nikabonyeza.

Printa ilinguruma kama mtu anayetafuta kisingizio. Ikatoa karatasi moja. Ilikuwa nyeusi yote, pande zote mbili, imelowa. Ikatoa ya pili hivyo hivyo. Halafu taa nyekundu ikaanza kuwaka na kuzimika, na chini ya mashine likatokea ziwa dogo. Nimetumia magazeti ya wiki mbili kulikausha, na soksi.

Ikabidi niende kwa shemeji. Kitaalamu tu. Nikamwambia nina rafiki, mstaafu, mtu makini, printa yake inawaka taa nyekundu, je, afanyeje. Shemeji akaniangalia upande wa kushoto kwa muda. Akauliza sikio la huyo rafiki likoje. Wateja wawili wakageuka. Nikasema rafiki yangu ana afya njema. Akasema kama kuna kazi ya haraka nimletee, ataifanya bure, sisi ni ndugu. Bure! Neno ambalo maishani sijawahi kulikataa. Nilisimama pale mlangoni nalo. Lakini nilimwahidi mke wangu, na mtu huyu angefika ukurasa wa tatu akaanza kumsahihisha mama yake mwenyewe. Nikasema hakuna kazi yoyote. Nikaondoka nikitembea wima.

Nimemwita fundi. Kafungua, kachungulia, kauliza nani kafanya hivi. Nikasema tuliinunua ikiwa hivyo. Akasema kichwa cha kuchapia kimekufa, kukibadilisha ni ghali kuliko mashine. Aliongea kwa upole, kama daktari aliyezoea. Akaondoka, akaacha alama ya kidole cheusi kwenye fremu ya mlango wangu.

Nimeificha printa chini ya kitanda, nimeifunika shuka.

Jioni mke wangu kauliza tena. Nikasema inakwenda.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekaa chumba cha nyuma tangu asubuhi nikifikiri. Njia ni tatu. Ya kwanza, kununua printa nyingine: kopo la taa lote halifikii hata robo. Ya pili, shemeji: tumeshasema. Ya tatu, kumwambia mke wangu ukweli. Hiyo nimeiweka mwisho wa rafu.

Ndipo nikaona kasha langu la kazini. Nilipostaafu nilitoka na vitu viwili ambavyo hakuna aliyevitaka: kalamu nene nane za kuandikia maboksi, zote zimekauka, na bunda la kadi za stoo, zile za manila ngumu. Upande mmoja wa kadi umejaa hesabu za mzigo. Upande wa pili mtupu.

Nikaifungua kalamu moja. Ndani kuna sifongo. Sifongo ni kitu kinachojazika.

Nikavuta wino kwa sindano, mtupu, bila tone la maji, nikausukuma ndani. Haikupiga chafya. Nikajaribu mstari. Mweusi tii! Nilisimama peke yangu chumbani nikapiga makofi.

Sasa niseme kitu bila kujisifu. Mimi nina herufi. Miaka thelathini na mbili niliandika majina ya mizigo yasomwe kutoka mlangoni hadi rafu ya mwisho, chini ya balbu moja, na watu wasiotaka kuvaa miwani. Meneja watatu walikuja wakaondoka, herufi zangu zikabaki ukutani. Hakuna mashine itakayonifundisha ukubwa wa herufi.

Nikachukua zile kurasa za ukungu, nikaziegemeza kwenye kioo cha dirisha, nikaanza kunakili.

Kosa lilikuwa la mazoea. Mtunza stoo haandiki maneno mengi. Mke wangu kaandika kwamba mama alikuwa mpole, mpole kiasi kwamba ukikosea ulitamani apige kelele ili yaishe. Mimi nikaandika: MAMA: MPOLE. Kaandika kuhusu asubuhi za mvua, wao wawili wakivaa kwa zamu koti moja. Nikaandika: KOTI: 1. WATOTO: 2. Hadi saa sita nilikuwa nimemaliza kurasa tisa kwa kadi kumi na moja. Akiba ya ajabu.

Nikala, nikarudi, nikazisoma kwa sauti. Ilikuwa hati ya kupokea mzigo. Nimempokea mama mkwe kama shehena ya saruji. Nikaona haya, ingawa hakukuwa na mtu.

Nimezichana zote. Nimeanza upya, neno kwa neno, nukta kwa nukta. Hadi mke wangu anafungua mlango wa mbele nimefika kadi ya ishirini na sita.

Ijumaa, 7 Juni

Miaka ishirini na nane ya ndoa na nilikuwa sijui kwamba mama mkwe alizungumza na pini mdomoni. Pini sita, saba, midomo imebanwa, na bado anatoa maagizo ya nyumba nzima. Watoto wakaizoea lugha hiyo. Akizitoa pini ndipo walipokuwa hawamwelewi.

Sikujua kwamba alipima kitambaa kwa mkono wake, kuanzia kidole hadi bega, hakutaka futi. Alipougua mkono ukawa haunyooki vizuri. Akaendelea kupima vilevile. Nguo zikatoka fupi, na wateja wakazivaa fupi mwaka mzima, hakuna aliyesema neno. Mke wangu usiku alikuwa anaziongeza pindo kwa siri. Hilo aliwahi kunitajia? Hapana. Au alinitajia nami nikawa ninahesabu kitu.

Kunakili kunakulazimisha kusoma polepole. Sikuwahi kumsikiliza mke wangu polepole hivi.

Mchana nilifika ukurasa wa kumi na tisa. Naunakili hapa kwa sababu haunitoki kichwani:

“Siku ya mazishi mume wangu alisimama jikoni akihesabu vikombe vya kukodi. Watu wanalia, yeye anahesabu. Alihesabu mara tatu. Siku ile nilimchukia. Kikombe cha mama kilibaki kwa bahati, sijui vipi, na hadi leo kila asubuhi nakinywea chai.”

Nimeweka kalamu chini. Nimefagia chumba cha nyuma. Nimefagia na uani. Nimerudi, maneno yako palepale kwenye kioo.

Jioni mke wangu kauliza mbona kimya. Nikasema tumbo. Akanichemshia tangawizi, akakaa karibu yangu hadi nikamaliza. Mtu aliyewahi kunichukia, anapuliza kikombe changu kipoe. Sikujua niangalie wapi.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi nilikuwa na mpango mzuri. Kuiruka sehemu hiyo ya vikombe. Sentensi tano tu. Dada Mkubwa hakuwepo siku ile, hawezi kujua kimepungua nini.

Nikafika mbali hadi kuandika sentensi inayofuata. Ikakaa vibaya. Nilipokuwa kazini alikuja kijana wa ukaguzi akaniomba nifute laini moja tu kwenye leja. Nilimfukuza na kalamu mkononi. Sasa nifute ya mke wangu mwenyewe? Na ameandika kitu cha kweli: nilihesabu, mara tatu, watu wanalia.

Nikaandika yote. Kadi ya themanini na tatu. NILIMCHUKIA, herufi za kusomeka kutoka mlangoni.

Lakini kuna hilo neno bahati. Hilo limeniuma kuliko chuki. Chuki naielewa. Bahati! Katika stoo yoyote niliyowahi kuishika, hakuna kilichowahi kubaki kwa bahati.

Chini ya kadi ilibaki nafasi, karibu nusu. Kadi za stoo zote zina mahali pa maneno ya mwenye stoo, na mkono wangu una mazoea yake. Nikaandika. Sikufikiri sana. Kisha nikaendelea hadi kadi ya tisini na nane, nikazipanga, nikazifunga kwa karatasi ya kaki na uzi wa cherehani.

Mke wangu karudi mapema. Nikamkabidhi. Alitaka kufungua. Nikasema hapana, yeye mwenyewe alitaka Dada Mkubwa awe wa kwanza. Akakubali. Akakipakata kile kifurushi kifuani, akasema ni kizito. Nikasema karatasi nzuri. Akanibusu upande wa sikio jeusi, akacheka kwamba rangi ya viatu haitoki.

Ilikuwa nafasi ya kusema. Mdomo niliufungua kabisa. Nikauliza tutakula nini.

Jumapili, 9 Juni

Naandika kwa utaratibu.

Tulikuwa wanne sebuleni kwa Dada Mkubwa: yeye, mke wangu, shemeji, mimi. Shemeji alimletea lenzi kubwa ya kusomea, ina mpini. Dada Mkubwa akakata uzi, akafungua kaki. Akatoa kadi ya kwanza.

Mke wangu akaiona. Akaniangalia. Nikaangalia dari. Dari ya Dada Mkubwa inahitaji rangi.

Shemeji akachukua kadi moja, akaigeuza, akasoma kwa sauti: misumari, inchi tatu, zimebaki kilo arobaini. Akauliza hii ni printa aina gani. Akaanza kutoa maoni. Dada Mkubwa akamwambia anyamaze.

Maana alikuwa ameileta kadi karibu na jicho lake la kulia, pua ikigusa, kama anavyofanya siku hizi. Akaisogeza mbali kidogo. Akaisogeza tena. Mwisho mkono wake ukawa umenyooka kabisa mbele yake. Na akasoma. Alisoma kadi nzima bila kukwama, bila lenzi, kwa sauti yake mwenyewe. Akaiweka mapajani, akachukua ya pili. Mke wangu akakaa chini sakafuni, karibu na miguu yake, akaacha kuniangalia.

Alisoma saa mbili. Alikataa maji. Kwenye pini alibana midomo akaisoma sehemu yote hivyo, kwa sauti ya mama yao, na ndugu wote watatu wakacheka hadi wakajifuta machozi. Kwenye mkono usionyooka hawakucheka. Shemeji alisema ana simu, akatoka nje. Simu yake ilikuwa mezani.

Mimi nilikuwa nahesabu kadi. Nilitegemea atachoka kwenye sabini. Hakuchoka. Kwenye themanini na mbili nikaenda jikoni kutazama birika ambalo hakuna aliyeliweka motoni.

Nyumba ile ina kuta nyembamba. Nikamsikia akisoma kuhusu vikombe. Nikamsikia akisoma nilimchukia, kisha bahati. Halafu akasema hapa kuna kitu kimeongezwa, na mke wangu akasema yeye hakuongeza kitu. Dada Mkubwa akasoma:

“Maoni ya mtunza stoo. Vikombe vya kukodi vilikuwa mia moja na ishirini, vyeupe. Cha mama kilikuwa cheupe vilevile. Mwenye vikombe alikuja na gari kuvichukua, yuko mlangoni. Nilihesabu ili cha mama kisiondoke. Mara ya kwanza mia na ishirini na moja. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu nilipitisha kidole mdomoni mwa kila kikombe hadi nikapata pengo. Hakikubaki kwa bahati. Alikuwa mama yangu pia.”

Nikasikia hatua. Mke wangu akaingia jikoni, akasimama mlangoni. Akauliza kwa nini sikumwambia, miaka ishirini na sita tangu mazishi. Nikasema nilidhani anajua. Nikamuuliza yeye alidhani kikombe kilifikaje kabatini. Akasema si ameandika, bahati. Nikasema bahati haina mikono, vikombe mia na ishirini na moja ni kazi ya saa nzima. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka njiani. Akaweka paji la uso begani kwangu akalia, nami nikamshika, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu sikuwa na mpango wowote.

Nilimpenda sana mama yule. Alikuwa ananiambia, pini mdomoni, kwamba nimekonda. Siku ile sikujua kulia mbele za watu. Kuhesabu nilijua.

Dada Mkubwa akapaza sauti kutoka sebuleni kwamba anatusubiri, bado kadi kumi na tano, na jicho lake lina miadi kesho. Tukarudi. Shemeji alikuwa amerudi naye, amekaa, anashika kadi ya themanini na tatu. Hakutoa maoni.

Njiani mke wangu aliniuliza swali moja tu: printa iko wapi. Nikasema chini ya kitanda, upande wake. Akatembea kidogo. Akasema ndiyo maana shuka limepotea.

Jumatatu, 10 Juni

Hospitali. Tulikaa kwenye benchi saa tatu na nusu. Mke wangu alinishika mkono, ule wenye wino, akawa anausugua kwa kidole gumba kana kwamba utatoka. Kabla ya kuingizwa, Dada Mkubwa aliuliza kama kadi ziko salama. Nikasema zipo tisini na nane. Akasema hesabu tena.

Nikahesabu. Zipo.

Ijumaa, 14 Juni

Bandeji ilitoka Jumanne, ikarudishwa. Leo imetoka kabisa. Daktari hapunguzi tena sauti. Jicho limekubali. Wakamsimamisha mbele ya ubao wa herufi, akasoma hadi mstari wa nne, kisha akamwambia daktari kwamba herufi hizi zimeandikwa ovyo, ana shemeji yake, yaani mimi, anayeweza kuwatengenezea nyingine. Halafu akanigeukia, akaniangalia vizuri, akauliza sikio langu limefanya nini.

Shemeji ananitaka nimwandikie kibao cha duka kwa mkono. Nimekubali kwa sharti kwamba asinisemeshe nikiandika. Amekubali. Hataweza.

Taa ya cherehani nimeinunua. Imetumika, haina swichi, lakini unaichomeka na kuichomoa ukutani, kwa hiyo swichi ilikuwa ya nini. Mke wangu aliiwasha, akainama kwenye pindo jeusi, akashona kwa muda mrefu. Kisha akauliza pesa ilitoka wapi. Nikamweleza kuhusu kopo. Akasema yaani katriji ile ingenunuliwa, haya yote yasingetokea. Nikasema ndiyo. Akafikiri. Akasema basi.

Jioni alinitengea chai. Nikanyanyua, midomo ikakuta pengo. Ni kile kikombe. Hajawahi kumpa mtu. Nilikunywa upande wenye pengo, polepole, hadi tone la mwisho.

Nimekiosha. Nimekikausha. Nimekihesabu: kimoja.

Jambo la mwisho kabla sijafunga. Dawa ya jicho ya Dada Mkubwa inakuja kwenye kichupa chenye mdomo mwembamba sana, unatoa tone moja moja, hakiwezi kupiga chafya. Nimekipima kwa macho. Kinaingia kwenye tundu la katriji kama kilitengenezewa. Dawa inaisha baada ya siku kumi na nne. Fundi anayo printa iliyotumika, kichwa kizima, anaitoa karibu na bure. Wino umebaki robo chupa, ambayo kwa kipimo sahihi cha maji ni nusu. Kosa la kwanza lilikuwa nusu kwa nusu. Safari hii maji robo tu.